Welch Pogue: Wakili wa njia za angani aliyetunza mizizi ya ukoo wake

KILA alfajiri ndege kubwa kutoka Ulaya, Ghuba na Asia hushuka katika viwanja vya Nairobi, Entebbe na Dar es Salaam. Kabla ya magurudumu yake kugusa ardhi, zimekwishapita juu ya nchi kadhaa, na kila nchi imeziacha zipite.

Abiria aliyesinzia kitini hana habari kuwa safari yake haitegemei injini na rubani peke yake. Inategemea pia mkataba uliotiwa saini katika hoteli moja mjini Chicago, Marekani, Desemba 7, 1944, wakati Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikiwa bado inaunguruma.

Miongoni mwa wajumbe waliobishana, wakakosana na hatimaye kupatana katika mkutano huo, alikuwamo mwanasheria mwenye umri wa miaka 45, mzaliwa wa kijiji cha wakulima katika jimbo la Iowa. Jina lake ni Lloyd Welch Pogue, ambaye wengi walimfahamu kwa jina la Welch.

Hakupata umaarufu wa ndugu Wright walioirusha ndege ya kwanza, wala wa Charles Lindbergh aliyevuka Bahari ya Atlantiki peke yake mwaka 1927. Hata hivyo, katika historia ya sheria za usafiri wa anga ni vigumu kuisimulia karne ya 20 bila kumtaja.

Pogue alifariki dunia Mei 10, 2003, akiwa na umri wa miaka 103. Alikuwa mume wa mke mmoja kwa zaidi ya miaka 70, baba wa watoto watatu wa kiume, na mwandishi wa kitabu kikubwa cha nasaba ya ukoo wake. Maisha yake ni kisa cha mtu aliyetumia ujana wake kuamua nani apite wapi angani, na uzee wake kutafuta watu wake walitoka wapi.

Mtoto wa Iowa

Pogue alizaliwa Oktoba 21, 1899, huko Grant, jimboni Iowa, katikati ya nyanda za mahindi za Marekani. Siku hiyo hapakuwa na ndege hata moja duniani. Alikuwa na miaka minne tu wakati Orville Wright aliporuka kwa sekunde 12 huko Kitty Hawk, Desemba 17, 1903, kwa umbali usiozidi meta 40.

Mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa inaelekea ukingoni, kijana huyo alihudumu jeshini kwa muda mfupi. Baada ya hapo alirudi kwenye masomo. Alihitimu shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Nebraska mwaka 1924, akachukua shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1926, kisha akapata udaktari wa sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1927.

Katikati ya masomo hayo alioa. Mwaka 1926 alifunga ndoa na Mary Ellen Edgerton, binti aliyekulia katika mji mdogo wa Aurora, jimboni Nebraska. Ndoa hiyo ilimpa Pogue shemeji ambaye naye angekuja kuwa mtu mashuhuri, Harold Edgerton, mhandisi wa umeme aliyekuwa amekwenda kusoma katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, karibu na Boston.

Pogue naye alianza kazi ya uwakili mjini Boston, kisha akahamia New York. Kwa mtu wa asili yake, hapo pangeweza kuwa mwisho wa safari. Alikuwa na elimu ya juu kabisa, kazi yenye heshima, mke na watoto. Lakini mwaka 1938 aliacha mawakili wa New York na kwenda Washington kuitumikia serikali.

Mwaka huo Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria mpya ya usafiri wa anga. Kabla yake, biashara ya ndege ilikuwa ya vurugu. Mashirika yalinyang'anyana mikataba ya kubeba barua, mengine yalifilisika, na ajali zilikuwa nyingi. Sheria hiyo iliunda chombo kimoja cha kusimamia mambo hayo, na Pogue aliingia kama mwanasheria msaidizi. Muda si mrefu akawa mwanasheria mkuu wa chombo hicho, ambacho mwaka 1940 kilipangwa upya na kuitwa Bodi ya Usafiri wa Anga wa Kiraia, kwa kifupi CAB.

Mwenyekiti wakati wa vita

Bodi hiyo ilikuwa na wajumbe watano na ilifanya kazi kama mahakama. Shirika lililotaka kurusha ndege kutoka mji mmoja hadi mwingine lililazimika kufika mbele yake, kuleta mashahidi na hesabu, na kuthibitisha kuwa umma unaihitaji safari hiyo. Bila cheti cha bodi, ndege hazikuruka. Bodi iliamua pia nauli na malipo ya kubeba barua, na ilichunguza ajali.

Januari 1942 Rais Franklin Roosevelt alimkabidhi Pogue uenyekiti wa bodi. Ulikuwa ni mwezi mmoja tu baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor na Marekani kuingia vitani. Jeshi lilichukua karibu nusu ya ndege za abiria zilizokuwapo nchini, na zilizobaki zilitakiwa zibebe maofisa, barua na mizigo ya lazima.

Wakati huohuo vita vilikuwa vinaibadili ramani ya anga la dunia. Ndege za Marekani zilivuka Atlantiki ya Kusini, zikapita Accra, Kano na Khartoum hadi Cairo, zikipeleka silaha na watu. Viwanja vilijengwa mahali ambapo miaka michache nyuma hapakuwa na hata njia ya gari. Ilikuwa dhahiri kuwa bunduki zikinyamaza, njia hizo zitageuka kuwa za biashara, na kila mwenye nguvu alikuwa amekwishaanza kuzitolea macho.

Ugomvi wa kwanza ulianzia nyumbani. Kampuni ya Pan American, chini ya Juan Trippe, ndiyo iliyokuwa imetawala safari za nje za Marekani kabla ya vita. Trippe alitaka hali hiyo iendelee. Hoja yake ilikuwa kwamba mataifa mengine yangekuja na shirika moja lenye nguvu ya serikali, hivyo Marekani nayo iwe na shirika moja litakaloibeba bendera yake duniani kote. Baadhi ya wabunge walimuunga mkono, na muswada wa kuunda shirika la namna hiyo ulifikishwa bungeni.

Pogue alikuwa upande wa pili. Aliamini kuwa shirika lisilo na mshindani huridhika na kulala, na abiria ndiye anayelipa gharama ya usingizi huo. Novemba 1943 alikuwa mmoja wa maofisa walioitwa Ikulu kuzungumza na Rais Roosevelt juu ya anga baada ya vita. Msimamo wa rais ulikuwa kwamba Marekani isiwe na shirika moja tu nje ya mipaka yake.

Haikuwa kazi nyepesi kusimama mbele ya kampuni yenye fedha na marafiki wengi kiasi hicho. Lakini muswada wa shirika moja ulikwama, na Julai 1945 bodi iliyoongozwa na Pogue iligawa njia za Atlantiki ya Kaskazini kwa mashirika matatu. Ukiritimba wa Pan American katika njia hizo ukawa umefika mwisho.

Siku 37 za Chicago

Ugomvi wa pili ulikuwa mkubwa zaidi, kwa kuwa ulihusu dunia nzima. Tangu zamani sheria za Ulaya zilikuwa na msemo wa Kilatini uliosema kuwa mwenye ardhi ndiye mwenye anga lililo juu yake hadi mbinguni. Mkataba wa Paris wa mwaka 1919 ulikubali kuwa kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga lake. Maana yake ni kwamba ndege ya kigeni haiwezi kupita bila kubisha hodi.

Kabla ya vita kila shirika lilibisha hodi nchi kwa nchi. Nchi moja ikikataa, njia nzima ilikufa au ililazimika kuzunguka. Kama hali hiyo ingeachwa irudi, anga lingegawanywa kama Afrika ilivyogawanywa mjini Berlin mwaka 1885, kila mkubwa na kipande chake.

Roosevelt aliyaita mataifa Chicago. Mkutano ulifunguliwa Novemba 1, 1944, katika Hoteli ya Stevens, iliyokuwa inasifika kuwa kubwa kuliko zote duniani. Mataifa 52 yalituma wajumbe. Umoja wa Kisovieti ulijitoa dakika za mwisho, ingawa wajumbe wake walikuwa wamekwishaanza safari. Kutoka Afrika zilikuwapo Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini tu. Sehemu kubwa ya bara hili ilikuwa chini ya wakoloni, na wakoloni ndio waliolisemea.

Ujumbe wa Marekani uliongozwa na Adolf Berle wa Wizara ya Mambo ya Nje. Pogue alikuwamo kama mwenyekiti wa CAB, pamoja na maseneta, wabunge na Meya wa New York, Fiorello La Guardia.

Marekani ilifika na hoja ya uhuru. Ilitaka mashirika yaruke kadiri abiria wanavyopatikana. Uingereza, iliyowakilishwa na Lord Swinton, iliona mtego katika uhuru huo. Wakati wa vita nchi hizo mbili ziligawana kazi, Uingereza ikijikita katika ndege za kivita na Marekani ikitengeneza karibu ndege zote za uchukuzi. Siku vita vikiisha, Marekani ingekuwa na ndege za abiria tayari na Uingereza mikono mitupu. Kwa hiyo Uingereza ilitaka chombo cha kimataifa kitakachopanga idadi ya safari na nauli. Australia na New Zealand zilikwenda mbali zaidi, zikapendekeza shirika moja la ndege litakalomilikiwa na dunia nzima.

Mabishano yalichukua wiki baada ya wiki. Roosevelt na Waziri Mkuu Winston Churchill walilazimika kuandikiana wenyewe, na rais huyo hakusita kudokeza kuwa misaada ya vita kwa Uingereza ingeweza kuguswa. Hata hivyo kila upande ulibaki na sehemu ya msimamo wake.

Kilichopatikana mwishoni ni mkataba uliosimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni kwamba kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga lake, na hakuna safari ya ratiba itakayoingia bila ruhusa yake. Ya pili ni kwamba nchi zote zitafuata taratibu za pamoja katika leseni za marubani, ubora wa ndege, mawasiliano, ramani, hali ya hewa na uchunguzi wa ajali. Mkataba huo ndio uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lenye makao yake Montreal, Canada.

Pembeni ya mkataba huo yalifanyika makubaliano juu ya haki ambazo wataalamu huziita uhuru wa anga. Uhuru wa kwanza ni kupita juu ya nchi bila kutua. Wa pili ni kutua ili kujaza mafuta au kutengeneza ndege, bila kushusha wala kupakia abiria. Wa tatu ni kubeba abiria kutoka nyumbani kwenda nchi ya kigeni, na wa nne ni kuwarudisha.

Uhuru wa tano ndio uliowagombanisha wakubwa. Huo ni ruhusa ya shirika la nchi moja kubeba abiria kati ya nchi nyingine mbili. Kwa mfano, ndege ya Ulaya ikitua Nairobi kisha ikaendelea hadi Dar es Salaam, je, inaweza kuchukua abiria wa Nairobi wanaoshuka Dar es Salaam? Kwa shirika kubwa huo ni mkate juu ya mkate. Kwa shirika dogo la nchi jirani huo ni mkate ulioporwa mdomoni.

Mataifa mengi yalikubali uhuru wa kwanza na wa pili. Ule wa tano haukupata waungaji mkono wa kutosha, na Marekani yenyewe baadaye ilijitoa katika makubaliano hayo. Kwa waliotaka anga lililo wazi kabisa, Chicago haikuwa ushindi kamili. Lakini saini zilitiwa Desemba 7, 1944, miaka mitatu kamili tangu siku ya Pearl Harbor, na siku hiyo sasa huadhimishwa kila mwaka kama Siku ya Kimataifa ya Usafiri wa Anga.

Bermuda na kurudi uwakili

Swali lililoachwa kiporo Chicago lilipatiwa jibu katika kisiwa cha Bermuda. Januari na Februari 1946 Marekani na Uingereza zilikutana huko, na Pogue alikuwa tena katika ujumbe wa nchi yake. Marekani ilikubali nauli zipangwe na mashirika yenyewe kupitia umoja wao, IATA, chini ya jicho la serikali. Uingereza ilikubali idadi ya safari isiwekewe kikomo kabla, na uhuru wa tano utumike kwa masharti.

Mapatano ya Bermuda yakawa kigezo. Kwa miongo iliyofuata nchi mbili zilipotaka kufunguliana anga, wanasheria wao walianza kwa kuitazama karatasi ile.

Mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya mfugaji wa kuku wa North Carolina, ambaye kuku wake walikufa kwa hofu ya ndege za jeshi zilizopita juu ya paa lake. Mahakama ilisema anga la juu ni barabara ya umma, lakini ndege ikiruka chini mno juu ya nyumba ya mtu, mwenye nyumba ana haki ya kulipwa fidia. Ule msemo wa Kilatini ukawa umepata mipaka yake. Kile ambacho wajumbe walikuwa wamekigombania kwa niaba ya mataifa, mfugaji mmoja alikuwa amekigombania kwa niaba ya banda lake.

Pogue aliacha uenyekiti wa CAB mwaka huo wa 1946 na kurudi uwakili mjini Washington. Alishirikiana na George Neal, aliyekuwa mwanasheria wa bodi na mwenzake katika ujumbe wa Bermuda, na ofisi yao ikaitwa Pogue & Neal. Wateja wao wakubwa walikuwa mashirika ya ndege. Mtu aliyekuwa akikaa kiti cha hakimu sasa alisimama upande wa wanaoomba, akibishania njia, nauli na vyeti.

Aliifanya kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 1981, akiwa amekwishatimiza miaka 81. Miaka mitatu baadaye, Desemba 1984, serikali ya Marekani iliivunja CAB, baada ya sheria ya mwaka 1978 kuyaachia mashirika yajipangie njia na nauli. Mwenyekiti wa zamani aliishi kuona bodi yake ikizikwa, na ushindani aliokuwa ameutetea ukienda mbali kuliko alikoufikisha yeye.

Alama katika Afrika Mashariki

Mwaka wa mapatano ya Bermuda ndio pia mwaka ambao Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kuruka, likimilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar chini ya utawala wa Uingereza. Baada ya uhuru nchi hizo ziliingia ICAO kila moja kwa jina lake, na mamlaka juu ya anga, yaliyoandikwa Chicago bila wao kuwapo, yakawa mali yao.

Mkataba wa Chicago unataka kila ndege iwe na utaifa wa nchi moja, kama mtu mwenye pasi ya kusafiria. Lakini pia unaruhusu nchi kadhaa kuwa na shirika moja la pamoja. Ndiyo maana ndege za shirika hilo, zilizopakwa rangi moja, zilikuwa na namba tofauti za usajili. Nyingine zilianza na 5H ya Tanzania, nyingine 5X ya Uganda, nyingine 5Y ya Kenya. Shirika hilo lilivunjika mwaka 1977, na alama hizo zingali zinasomeka kwenye ndege za nchi hizo tatu.

Ni kweli pia kwamba mkataba haukuyaponya magonjwa yote. Masharti ya nchi kwa nchi yaliyozaliwa Bermuda yaliiacha Afrika na anga lililokatwakatwa, kiasi kwamba kwa miaka mingi abiria wa mji mmoja wa Afrika aliweza kulazimika kupitia Ulaya ili afike mji mwingine wa Afrika. Nchi za bara hili zilikubaliana huko Yamoussoukro, Ivory Coast, mwaka 1999, kufunguliana anga, na utekelezaji wake umekwenda kwa mwendo wa kobe.

Mtu wa nyumbani

Kazi ya namna hii imewagharimu wengi nyumba zao. Mikutano ya wiki nyingi, safari za mbali na simu za usiku huacha watoto wakimjua baba kwa picha. Nyumba ya Pogue haikuvunjika. Yeye na Mary Ellen waliishi pamoja tangu mwaka 1926 hadi kifo kilipomchukua mke huyo, miaka michache kabla ya mumewe. Waliianza ndoa kabla Lindbergh hajavuka Atlantiki, wakaiona hadi zama za ndege zinazobeba mamia ya watu.

Shemeji yake Harold Edgerton alifuata njia tofauti kabisa, lakini nayo ilifika angani. Yeye ndiye aliyeitumia taa inayomulika kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, hadi akaweza kupiga picha ya tone la maziwa likiruka mfano wa taji, na baadaye risasi ikitoboa tufaha. Wakati wa vita taa zake zilifungwa kwenye ndege na kupiga picha za usiku juu ya Ufaransa kabla ya majeshi kutua Normandy, Juni 1944. Hivyo katika mwaka mmoja, kaka na mume wa Mary Ellen walikuwa wote wanalishughulikia anga, mmoja kwa mwanga na mwingine kwa kalamu.

Mtoto wake Richard, aliyezaliwa mwaka 1928, alichagua sheria kama baba. Aliingia katika kampuni kubwa ya mawakili ya Jones Day, mjini Cleveland, jimboni Ohio. Mwaka 1967 ofisi ya Pogue & Neal iliungana na kampuni hiyo, na baba akajikuta anafanya kazi katika nyumba moja na mwanawe. Richard alikuja kuwa kiongozi mkuu wa kampuni hiyo kuanzia mwaka 1984 hadi 1993, na chini yake ikawa miongoni mwa kampuni kubwa za uwakili duniani.

Wengi wakistaafu hupumzika. Pogue alifungua masanduku ya karatasi za ukoo. Mwacha asili ni mtumwa, na mzee huyo hakutaka wajukuu na vitukuu wake wawe watu wasiojua walikotoka. Alifuatilia majina ya Pogue, Pollock na Polk, ambayo ni matawi ya mti mmoja, kuanzia Uskochi, kupitia Ireland ya Kaskazini, kuvuka bahari hadi Ohio na kuelekea magharibi.

Kazi hiyo aliichapisha kama kitabu mwaka 1990, akiwa na miaka 90. Ni umri ambao wengi hawapo tena, na waliopo husomewa barua na wengine. Yeye alikuwa anapekua tarehe za ndoa, wosia na vizazi kwa uangalifu uleule ambao aliutumia zamani kupima ushahidi wa mashirika ya ndege.

Wanaojua kazi ya nasaba wanaelewa kuwa haimpi mtu fedha wala cheo. Anayeifanya huifanya kwa ajili ya watu wawili ambao hatawaona. Mmoja ni babu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa, na mwingine ni kitukuu atakayezaliwa yeye akiwa amekwishakufa.

Mwisho wa safari

Pogue alipofariki dunia jimboni Maryland Mei 2003, wajumbe wenzake wa Chicago walikuwa karibu wote wamemtangulia. Mwaka huohuo ndege ya Concorde, iliyokuwa ikiruka kasi kuliko sauti, iliondolewa katika usafiri. Mtoto aliyezaliwa kabla ya ndege ya kwanza alikuwa ameishi hadi zama ambazo hata ndege yenye kasi kuliko zote inazeeka.

Tuzo ya heshima ya utumishi wa maisha katika usafiri wa anga imepewa jina lake. ICAO, iliyoanza rasmi Aprili 4, 1947, ina wanachama 193, yaani karibu kila nchi duniani. Bado nchi hukosana na kufungiana anga, na kila zinapofanya hivyo ndege huzunguka, mafuta huteketea na nauli hupanda. Hapo ndipo watu hukumbuka kuwa njia ya angani haikuletwa na upepo. Ilijadiliwa na watu waliokubali kukaa mezani siku 37, kila mmoja akiachia sehemu ya alichokitaka.

Jina la Pogue halimo katika tiketi za abiria wanaoshuka alfajiri Nairobi, Entebbe na Dar es Salaam. Wengi wao wanarudi nyumbani. Nje ya mlango wa kutokea wanasubiriwa na mama, watoto na shemeji, na kwa mzee aliyemaliza siku zake akiandika nani ni wa nani katika ukoo wake, safari ya namna hiyo isingehitaji maelezo.